Mwalimu Aliyetufundisha Kukiri kwa Kiingereza

Kwa miaka tisa, kati yangu na Kiingereza palikuwa na pazia moja tu. Mimi nilikaa mbele na mashini yangu ya kushonea, katika chumba tulichopanga pamoja kwenye barabara moja ya Kamalondo; yeye, mwalimu, alikaa nyuma na ubao wake, mabenchi manne na wanafunzi. Pazia nililishona mwenyewe kwa vipande vya vitenge vilivyobaki, na halikuzuia sauti hata kidogo. Nikikanyaga mashini, yeye alipaza sauti. Akipaza sauti, mimi nilikanyaga zaidi. Ndivyo nilivyojifunza Kiingereza bila kukaa darasani hata siku moja, na ndivyo wanafunzi wake walivyojifunza, bila kupenda, mabishano yangu yote na wateja kuhusu mikono ya blauzi.

Kila mtu alimwita ba Prof. Hilo "ba" ni heshima yetu ya Lubumbashi: tunampa mtu mmoja uzito wa watu wengi. Yeye lilimfaa sana, maana alibishana kama watu wengi. Jina lake la kweli nililiona mara moja tu, juu ya bahasha, na sitaliandika hapa. Angesema nimekosea herufi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya kijivu ambayo aliivua kanisani, msibani, na mbele ya makosa ya sarufi. Mwanafunzi akiharibu sentensi vibaya, ba Prof alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyesimama kando ya kaburi. Darasa zima lilijua kuna kitenzi kimekufa. Mfukoni hakukosa chaki. Siku moja mteja wangu aliingia amevaa tisheti yenye maneno ya Kiingereza kifuani. Ba Prof alitoka nyuma ya pazia kutafuta maji, akasimama mbele yake, akasoma, akavua kofia, akatoa chaki, akaongeza herufi iliyokosekana. Mteja alikuwa ndani ya tisheti hiyo. Hakurudi tena kwangu kwa mwaka mzima.

Lakini mtu huyo huyo aliwaacha mama wa soko walale kwenye benchi la nyuma. Walikuja mchana wakiwa wametoka Mokambo, mpakani na Zambia, na mizigo yao, macho mekundu, na Kiingereza walikihitaji kweli, kwa sababu ng'ambo ya mpaka walikuwa wakichekwa. Wakisinzia, ba Prof alishusha sauti. Kesho yake alirudia somo lote kwa ajili yao, na wale waliokuwa macho wakilalamika aliwaambia kwamba somo la jana lilikuwa somo lingine.

Alikuwa na imani moja kubwa kuliko zote: kwamba maneno huoana.

"Neno ya Kiingereza haitembeake yenyewe," aliwaambia. "Iko na bwana yake, iko na bibi yake. Ukiipa bwana ya mwengine, bantu batakucheka. Mvua iko 'heavy'. Chai iko 'strong'. Ukisema mvua iko 'strong', umevunja nyumba mbili!"

Mimi huko mbele nilipenda sana ndoa hizo. Nilizirudia kimoyomoyo nikishona, na mara mbili nilishona kola kwenye shingo isiyo yake.

Sasa niseme kasoro yake, maana bila hiyo nisingekuwa na cha kuandika. Ba Prof hakuwahi kukosea. Ninamaanisha kwamba kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akikubali kwamba amekosea, na nafasi zilikuwa nyingi.

Kuna ile safari ya Mokambo. Aliondoka asubuhi kwenda kununua kamusi upande wa Zambia. Pale maegeshoni gari za Mokambo na za Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwani, zilikuwa zimesimama bega kwa bega. Alipanda, akavuta kofia juu ya macho, akalala kabla hawajatoka mjini. Alipoamka, barabara ilikuwa tope jekundu na abiria walikuwa wanazungumzia nyavu. Mtu mwingine angeuliza. Yeye, kama dereva alivyotusimulia baadaye, alitazama kulia, akatazama kushoto, akafanya sura ya mtu anayekwenda Kilwa. Akashuka pamoja na wengine kusukuma gari kwenye tope, si mara moja. Akafika mpaka ziwani. Baada ya wiki na zaidi alirudi kwetu na gunia la samaki wakavu, suruali imekauka kama ukuta.

Nikamuuliza, "Ba Prof, sasa Mokambo iko na ziwa?"

"Nilienda kuchunguza, Mama Mashini."

"Kuchunguza nini?"

"Majina ya samaki."

Na kweli, siku kumi zilizofuata alifundisha majina ya samaki. Mama wa soko, ambao biashara yao ilikuwa unga na sabuni, walikaa wakijifunza kusema mapezi na magamba kwa Kiingereza. Hakuna aliyethubutu kuuliza kamusi iko wapi.

Kuna pia suruali. Alikataa nimpime, alijipima mwenyewe kwa kamba, akaniletea namba zimeandikwa vizuri kwenye karatasi. Nikakata kama alivyoandika. Alipoivaa, mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Niliona. Yeye aliona. Nilisubiri aseme, na yeye akasubiri nisiseme. Kisha akashusha bega la kushoto, akainamisha nyonga kidogo, suruali ikalingana, akatoka nje. Alitembea hivyo miezi minne. Mtaa mzima ulimpa pole ya kiuno. Mwishowe mimi niliichukua suruali siku aliyoleta nguo zake nimtilie vifungo, nikateremsha ule mguu kimya kimya. Wiki nzima baada ya hapo aliendelea kutembea upande, kwa mazoea, na sasa mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta.

Mara moja tu alinidokezea sababu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, wanafunzi hawakuja, na yeye alikaa kwenye kiti cha wateja wangu. Aliniambia kwamba zamani, alipokuwa kijana anafundisha shule moja, alimwomba mwanafunzi msamaha kwa jibu baya, mbele ya darasa. Tangu siku ile kila alichoandika ubaoni walimuuliza, "Una hakika?" Hata tarehe.

"Hata tarehe, Mama Mashini," akarudia, akaniangalia kama mtu anayeonyesha kovu. Halafu mvua ikapungua, akaenda kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini niliinua mguu kwenye mashini siku niliyomsikia akiandika, kwa herufi kubwa, neno "admit".

"Maana yake ni kukiri," alisema. "Kukubali kitu ambacho moyo ulikuwa umefungia kabatini. Na neno hii iko na bibi mingi."

Akawataja mmoja mmoja, na alimwigiza kila mmoja kwa mwili wake wote. "I must admit": huyu ukweli unamsukuma mgongoni. "I hate to admit": huyu anameza dawa chungu, na ba Prof alikunja uso mpaka masikio yakasogea. "Admit defeat": huyu ameweka silaha chini. "I freely admit": huyu moyo wake uko wazi kama dirisha, hakuna aliyemlazimisha. Hii ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Aliisema akiwa amefungua mikono yote miwili, kofia mkononi, kama padri mwisho wa misa.

Kisha kila mwanafunzi alitakiwa abuni kosa na kulikiri kwa sentensi kamili. Wiki ile nyuma ya pazia langu palijaa wezi wa kuku. Sista mmoja mpole, aliyejiandaa kutumwa nchi ya Kiingereza, alikiri kwa uhuru kabisa kwamba amechoma benki. Ba Prof alimpongeza kwa matamshi.

Mwanafunzi bora alikuwa Papa Kaumba, mwashi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Hakuja kujifunza kwa starehe. Mke wake, Mama Mujinga, alikuwa na mawe kwenye nyongo. Maumivu yalimkamata ghafla, akajikunja kama kisu cha kukunja. Watu wa mtaa, ambao hawana huruma kwenye utani, walisema hapa Katanga hata tumbo la mtu ni mgodi. Papa Kaumba alikuwa amepanga kumpeleka kufanyiwa upasuaji katika hospitali moja ng'ambo ya Mokambo, na alitaka aweze kusema na madaktari yeye mwenyewe.

Ndiyo maana siku ile aliinua mkono, akauliza, "Ba Prof, na 'admission'? Haina sawa ya Kifaransa? Kuingiza mugonjwa ku hospitali?"

Nilisikia kofia ikivuliwa. Kwa kweli niliisikia.

"Papa Kaumba," ba Prof alisema taratibu, "Kiingereza na Kifaransa ni bandugu benye kugombana. Neno ikifanana huku na huku, kimbia! Iko mutego. 'Admission' ni kukiri. Njo vile tu. Andika."

Papa Kaumba akaandika. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa natia zipu.

Yaliyotokea hospitalini alinisimulia Mama Mujinga mwenyewe, na kila mara aliposimulia alisimama.

Walifika asubuhi. Yeye akakaa kwenye benchi, ameshika ubavu. Mumewe akaenda kutazama vibao, akarudi na uso mzito. Juu ya dirisha moja paliandikwa "Admissions", na mbele yake palikuwa na foleni ndefu ya watu wenye sura za huzuni. Akamnong'oneza, "Bibi yangu, hapa banakiri kwanza, mbele ya kupasuliwa." Aliona ni jambo la busara. Wazambia ni watu wa dini. Hawataki mtu alale kwenye kisu na mzigo moyoni. Akaingia kwenye foleni, na kwa muda wote wa foleni akatafuta ndani yake dhambi ya kufaa.

Alipofika dirishani alivua kofia, akamwambia muuguzi kwa Kiingereza safi, "Madam, I must admit."

Muuguzi akasema ndiyo, ndiyo kazi ya hapa. Tunamwandika nani?

"Mimi."

Muuguzi akatazama karatasi. Si ni mke wako aliye mgonjwa?

"Yeye atafuata," alisema Papa Kaumba. Akafungua mikono yote miwili. "I freely admit." Na akakiri.

Alikiri kwamba miaka sita nyuma, mama mkwe wake alipokuja kukaa nao, yeye alifunga kopo juu ya dari, kopo akalitia kamba, na kamba akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake. Akiwa amelala kando ya mkewe, alivuta kidole, na kopo likaburuta juu ya chumba cha mama mkwe. Siku ya nne mama mkwe alifunga mizigo, akarudi Likasi, akisema nyumba ina mzimu, na hakukanyaga tena pale. Mama Mujinga alilia miaka sita. Wanakwaya walikuja kusali mara tatu. Padri alikuja na maji ya baraka kuibariki dari, na aliyemshikia ngazi alikuwa Papa Kaumba.

Muuguzi aliacha kuandika. Akamwita mwenzake. Halafu, kwa wema tu, ili ahakikishe ameelewa, akarudia yote kwa Kibemba na kwa sauti, na Kibemba Mama Mujinga alikinyonya kwa mama yake.

Aliinuka kwenye benchi. Anasema maumivu yaliondoka kama mtu aliyefukuzwa.

"We njo ulikuwa muzimu?"

Papa Kaumba akageuka, kofia kifuani.

"Miaka sita, we njo muzimu? Na padri ulimushikia ngazi?"

Daktari alikuja, akawaeleza dirisha lile ni la nini. Akasema upasuaji ufanyike kesho, mume atie sahihi. Mama Mujinga akajibu kwa Kibemba, ili kila mtu asikie, kwamba hawezi kulala kwenye kisu chini ya karatasi yenye sahihi ya mzimu. Akachukua mfuko wake na mawe yake, akaenda moja kwa moja mpaka Likasi kwa mama yake.

Papa Kaumba aliingia kwetu siku ya pili, hakunisalimia, akapita pazia. Darasa lilikuwa tupu. Alisimulia yote, kisha akasema alichokijia.

"Ba Prof, utaenda kwa bibi yangu. Utamwambia Kiingereza yangu ilikuwa mubaya. Nilitaka kusema kitu ingine, nikakosea maneno."

"Ulisema namna gani? Rudilia."

Papa Kaumba akarudia kwa Kiingereza, tangu mwanzo: kopo, kamba, kidole. Nilifungua pazia nione. Ba Prof alikuwa amefumba macho.

"Hakuna kosa," alinong'ona. "Hata moja. Hata ile ya kidole."

"Ba Prof!"

"Siwezi kusema Kiingereza hii iko mubaya. Ni kazi yangu hii."

"Basi useme ile ingine! Juu ya kibao! Mi nilikuuliza!"

"Uliniuliza nini?"

Hapo Papa Kaumba akanigeukia. Na mimi, ambaye kwa miaka tisa sikuingilia somo lolote, nilisema, "Ba Prof, alikuuliza. Nilisikia. Alisema haina sawa ya Kifaransa, na we ulisema iko mutego."

Ba Prof alitupa mgongo kwenye kona ya ubao, akafunua kamusi aliyokuwa nayo. Tulisikia kurasa zikienda mbele, zikirudi nyuma, zikienda mbele tena. Alipogeuka alisema kamusi hiyo ni ya zamani sana. Akavaa kofia, akaenda nyumbani.

Siku tatu hakufundisha. Mama wa soko walikuja wakalala kwenye benchi bila mtu wa kuwashushia sauti. Siku ya nne dada yake Mama Mujinga alipita dukani kwangu: mgonjwa hali tena, kila asubuhi anajikunja, macho yameanza kuwa ya manjano, na hospitali hataki kuisikia. Anasema afadhali afe na mawe yake kuliko kuponywa na uongo. Ba Prof alikuwa amesimama mlangoni, sikujua tangu lini. Alisikia yote. Akaniambia, "Mama Mashini, funga mashini. Tunaenda Likasi."

Garini alikaa kushoto kwangu, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anafanya mazoezi. Mara alikunja uso ule wa dawa chungu, mara akafungua mikono, akampiga abiria wa mbele kwenye sikio. Hakumwomba msamaha, alimwambia kichwa chake kiko karibu sana. Nikaona safari hii ni ya bure.

Tulimkuta Papa Kaumba amekaa nje ya mlango wa mama mkwe wake, chini, ametutangulia lini, sijui. Ndani, Mama Mujinga alikuwa amelala kwenye mkeka, amekonda mashavu. Kando yake alikaa mama yake, mzee mfupi mwenye macho makali ambaye wote tulimwita Kambo, kama tunavyowaita mababu na mabibi wetu. Alikuwa anapepeta mchele na hakuacha.

Ba Prof alivua kofia, akaanza kwa Kiingereza.

"Sema Kiswahili," Kambo akasema.

Ba Prof akakohoa. "Kambo, kuko kosa moja ilifanyika."

"Nani aliifanya?"

"Ilifanyika mu darasa."

"Na nani?"

"Na... upande ya kufundisha."

"Darasa njo ilijifundisha?"

"Hapana. Kuko mwalimu."

"Mwalimu gani?"

Mchele ulipanda hewani, ukashuka, ukapanda, ukashuka. Nilimwona ba Prof akitazama dirisha, akitazama mlango, akipima kama anaweza kupita. Jasho lilimtoka chini ya masikio. Mama Mujinga alijikunja kwa maumivu, akauma kitambaa asilie. Ba Prof alimtazama.

"Ni mie," alisema. "Papa Kaumba aliniuliza neno, nikamujibu vibaya, kwa nguvu, sawa mutu mwenye kujua. Haikuwa mutego. Ilikuwa vile vile alivyosema yeye. Nilikosea."

Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikaishia kumpa leso.

Mama Mujinga aliinua kichwa. "Kwa hiyo haiko kweli? Bwana yangu hakukuwa muzimu?"

Nje, Papa Kaumba alinyanyua uso wake kama mmea ulionyeshewa.

"Hapana," ba Prof alisema haraka. "Muzimu ni yeye. Sentensi zake zilikuwa safi kabisa."

Uso ule ukarudi chini. Na hapo ndipo Kambo alipoweka ungo.

"Ile kamba," alisema, "mi niliiona siku ya kwanza."

Akafuta unga wa mchele mikononi.

"Ilipita mu tundu ya ukuta, juu ya kitanda yangu. Siku ya tatu nikaishika, nikavuta na mi. Kwa nguvu."

Papa Kaumba akapiga kelele kule nje: "Kidole yangu!" Sote tulikumbuka kwamba mwaka ule alikwenda misa wiki mbili na ndala mguu mmoja, kiatu mguu mwingine, akisema tofali limemwangukia.

"Mama!" Mama Mujinga alisema. "Kama ulijua, juu ya nini ulienda?"

Kambo alimshika mkono. "Mutoto yangu, nilikuwa natafuta sababu. Ugali yako, ile bukari yako, iko na mabonge. Tangu ulipokuwa mudogo. Nilikula siku nne, nikashindwa. Muzimu ulikuja wakati muzuri."

Mama Mujinga alitazama mama yake, akatazama mlango, akafungua mdomo ili agombe, na badala ya ugomvi kikatoka kicheko. Alicheka mpaka mawe yakamkamata, akalia kwa maumivu, akacheka tena katikati ya kilio, na ikabidi tumbebe. Tulimpeleka hospitali iliyokuwa karibu, pale pale Likasi, ba Prof ameshika miguu, Papa Kaumba mabega, Kambo nyuma na mfuko. Walipoleta karatasi ya sahihi, Mama Mujinga alimwambia mumewe atie. Akasubiri amalize. Kisha akamwambia aongeze chini yake neno "muzimu", kwa maandishi mazuri. Akaongeza. Daktari hakuuliza.

Walimtoa mawe kumi na moja. Alipona. Kambo alikuja Kamalondo kumwuguza, na mwezi mzima aliokaa, aliyepika bukari ni Papa Kaumba. Alikuwa amezoea kukoroga sementi. Haikuwa na bonge hata moja.

Ningependa kusema kwamba ba Prof alibadilika siku ile. Hapana. Juma lililofuata aliliambia darasa kwamba neno "admission" lina maana mbili na kwamba alikuwa ameihifadhi ya pili kwa wanafunzi walioendelea. Lakini baada ya kusema hivyo alikohoa, nami nikasikia chaki ikianguka. "Haiko vile," akasema. "Siku ile nilikosea." Nilingoja mtu amuulize kama ana hakika. Sista aliinua mkono na kumwomba arudie maana ya pili, polepole, aandike. Basi.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba alitaka chumba chake. Mimi nilihamia mtaa mwingine, yeye akaenda kukaa kwa binti yake, na pazia tulilipasua kila mtu akachukua nusu. Nilimpoteza kwa muda mrefu.

Mwaka jana kituo kimoja cha lugha, mbali kidogo na katikati ya mji, kiliniita nipime watu sare. Wanafundisha Kichina, vijana wengi wanakitaka, kwa ajili ya kazi za migodini. Nilifika mapema, nikaambiwa ningoje ndani ya darasa. Mwalimu alikuwa msichana wa hapa hapa, aliyesomea huko kwa Wachina, mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Wanafunzi walikuwa kama ishirini, na benchi la nyuma, magoti yakigonga meza, alikaa ba Prof.

Alikuwa amezeeka. Shingo ilikuwa imebaki nyembamba ndani ya kola, na daftari alilishika karibu sana na macho. Msichana alimwita, naye akasimama kwa shida, akasema sentensi fupi ya Kichina kwa sauti ile ile niliyoijua.

Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Msichana aliziba mdomo.

"Papa," alisema alipoweza, "ulitaka kusema, ninataka kukuuliza. Umesema, ninataka kukubusu."

"Nilikosea, Madame?"

"Sana, Papa."

"Aksanti. Nirudilie?"

Akarudia. Ikatoka kitu kingine kabisa, ambacho msichana alikataa kukitafsiri. Vijana walipiga meza. Ba Prof alikaa, akanigundua, akanisogezea nafasi kwenye benchi kwa kiuno chake. Nilikaa.

"Ba Prof," nikamnong'oneza, "unafanya nini hapa?"

"Ninakosea, Mama Mashini," alinijibu, macho yanang'aa. "Tangu saa mbili ya asubuhi. Nimekosea ile ya kusalimia, nimekosea namba, nimekosea na jina yangu mwenyewe." Akainamia sikio langu. "Hakuna mutu alikufa."

Msichana aligeukia ubao, akauliza nani atajaribu sentensi inayofuata. Mkono wa ba Prof ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza kuiandika.